Inveta ni nzuri, lakini waliizima usiku bila kuniuliza

Niseme haki kwanza: inveta hii ya sola ni nzuri. Umeme wa gridi ukikatika, friza zangu za samaki hazishtuki, na wenzangu kadhaa hapa Tanga wameinunua kwa kunisikia mimi. Ningeandika haya miezi michache nyuma, ningeipa nyota tano bila kufikiri.

Sasa usiku mmoja kampuni ikatuma fimweya mpya, yaani programu inayoiendesha mashine yenyewe, kwenye inveta yangu kupitia mtandao. Hakuna ujumbe, hakuna simu, hata kwenye apu hakuna swali la ndiyo au hapana. Asubuhi nafungua duka, maji yametapakaa sakafuni, kioo cha inveta kimezima, taa nyekundu inapepesa. Jodari na changu wote wamelainika.

Hasara ya samaki ningeimeza. Yule kijana wa huduma kwa wateja ndiye sijammeza mpaka leo.

Nikamweleza. Akasema, "Mama, kwenye mfumo wetu kifaa chako kimesasishwa na kiko hewani." Mwanangu, nimesimama mbele yake hapa, kimezima. "Mfumo unaonesha kiko sawa, mama." Nikamtumia picha. Akanyamaza kidogo, akaja na jingine: "Basi mtakuwa mlizima wakati kinasasishwa." Nani azime usiku wa manane, duka lina kufuli, na hakuna aliyeambiwa kuna kitu kinaendelea? Akamalizia kwamba masasisho ni kwa faida ya mteja, akakata simu. Faida yangu ilikuwa inachuruzika kwenye mfereji!

Fundi waliyemtuma, huyo namwombea heri. Alichomeka flashi, akarudisha fimweya ya zamani, mashine ikaamka kabla chai niliyomwekea haijapoa. Akanieleza kuwa mtandao ulikatika katikati. Fimweya mpya ilikuwa inaandikwa juu ya ile ya zamani, ikabaki nusu, na mashine ikakosa pa kuanzia. Na dawa yake inajulikana siku nyingi. Kifaa kinawekewa nafasi mbili za kumbukumbu. Programu mpya inaandikwa kwenye ile isiyotumika, inakaguliwa kama imefika yote na kama kweli imetoka kwa mtengenezaji, ndipo kifaa kinawakia huko. Ikigoma, kinarudi kwenye ya zamani na mwenye mali hajui hata kama kulikuwa na tatizo. Android, mfumo wa simu nyingi, ilileta mpangilio huo tangu toleo la 7, mwaka 2016. Mashine ya kubeba mtaji wa mtu inaukosaje?

Hapo nilikuwa nimeshapoa, nikafikiria nyota tatu kwa ajili ya fundi. Ndipo akaniambia ametoka kwa mteja mwingine mwenye shida hiyohiyo, ya usiku uleule. Kumbe walitutumia wengi kwa mpigo!

Mwaka 2023 NASA, shirika la anga la Marekani, walikuwa na marekebisho ya programu kwa ajili ya vyombo vyao viwili vya anga za mbali, Voyager 1 na Voyager 2. Waliyatuma kwa Voyager 2 kwanza, kama jaribio, kwa kuwa Voyager 1 iko mbali zaidi na taarifa zake wanazithamini zaidi. Amri tu inatumia zaidi ya saa 18 kuifikia hiyo Voyager 2. Watu wenye mashine ya mbali kiasi hicho wanajaribu moja kwanza, na hawa wa kwetu hawakuona haja.

Sipingi kusasisha. Mwaka huohuo wa 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta nyingi zilizoachwa na nywila za kiwandani, kwa hiyo kifaa cha mtandaoni kinahitaji kutunzwa. Kitunzeni, lakini nijulisheni, niseme mwenyewe "leo saa nne asubuhi", nikiwa nimesimama hapo na namba ya fundi mkononi.

Kwa sasa nimechomoa kile kifaa cha Wi-Fi chini ya inveta. Sioni tena chaji ya betri kwenye simu, na hilo nililipia. Ukiniuliza kama ununue, nitasema nunua, mashine haina mpinzani kwa bei yake. Hapana, ngoja. Nikikumbuka "mfumo unaonesha kiko sawa" nasema usinunue, mpaka waweke kitufe cha kukataa na mtu wa kupokea simu anayemwamini mteja. Nyota moja, na hiyo ni ya fundi. Kuhusu samaki walioharibika, hajanipigia mtu.