Hojaji ya mtiririko, toleo la pili: inafaa, ila usijumlishe alama

Mchezo unapomkolea mchezaji, mwili ukajiendesha wenyewe na kelele za watazamaji zikapotea, hali hiyo huitwa mtiririko, jina alilolipa mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi katika miaka ya 1970. Kuipima ni kazi. Ukimsimamisha mkimbiaji umuulize kama amezama, umeshamwibua. Ndiyo maana hojaji hii, iliyotolewa na Susan Jackson na Herbert Marsh mwaka 1996, kisha Jackson na Robert Eklund wakaiboresha mwaka 2002, hujazwa baada ya shindano.

Ina sentensi 36, nne kwa kila moja ya nyanja tisa za mtiririko, kama kuwa na malengo wazi au kujisahau, na kila sentensi hupewa alama 1 hadi 5. Jumlisha nne za nyanja moja, gawanya kwa nne, uishie hapo. Jumla kuu huficha kile unachokitafuta. Mwanasarakasi mwenye 4.5 katika malengo na 2.25 katika kujisahau anajua la kufanya, ila anajitazama kwa macho ya majaji. Kumwongezea mazoezi ya miruko hakutamsaidia kama kumzoesha kuruka mbele ya watu.

Nyanja ya kubadilika kwa muda, yaani kuhisi muda ukienda mbio au polepole kuliko kawaida, ndiyo dhaifu. Mkimbiaji anayepiga hesabu ya sekunde kila mzunguko hawezi kusahau saa, na alama yake ya chini hapo isikushtue. Sentensi ya kwanza nayo inabeba mambo mawili: kwamba shindano lilikuwa gumu, na kwamba mchezaji aliamini analiweza. Akiikataa, muulize amekataa lipi.

Karatasi itolewe mapema, mwili ukiwa bado na joto, na ikiwezekana kabla matokeo hayajatangazwa, kwani aliyeshinda hukumbuka hata hofu yake kuwa tamu. Angalia pia usichanganye matoleo: moja linahusu shindano lililokwisha sasa hivi, jingine linauliza mambo huwaje kwa kawaida. Lipo na fupi la sentensi tisa, moja kwa kila nyanja. Linatosha kufuatilia wiki hadi wiki, ila sentensi moja ni ushahidi mwembamba wa kubadilishia ratiba ya mazoezi.

Na kamwe isitumike kuchagulia kikosi. Wachezaji wakijua kwamba kocha anapanga timu kwa karatasi hizo, utakusanya 5 tupu.