TAHADHARI: "Dawa ya injini" ya vijiweni inaua klachi za bodaboda

Wakuu, kuna jamaa wanazunguka vijiwe vya bodaboda huku Mbagala wakiuza kichupa cha "dawa ya injini" kwa shilingi 25,000. Wamevaa fulana za kufanana, wana maneno matamu, na wanatembea na kimtambo cha maonyesho. Wengi wanapigwa kwa sababu kile kimtambo hakidanganyi.

Ni mota inayozungusha ringi ya chuma, na juu yake kuna mkono unaokandamiza beringi. Wakiweka oili ya kawaida na uzito kidogo, chuma kinalia na mota inasimama. Wakidondoshea dawa yao, wanaongeza uzito mara tatu, mara nne, na ringi inazunguka tu. Watu wanashangilia, pochi zinafunguka.

Dawa za namna hii mara nyingi huwa na parafini iliyotiwa klorini. Beringi inagusa ringi kwenye eneo dogo mno, kwa hiyo mgandamizo unakuwa mkubwa na joto linapanda ghafla. Joto hilo linaifanya klorini ishikane na chuma na kuacha utando laini, vyuma vinateleza. Kipimo cha aina hiyo kinatumika kupima oili za gia na grisi zinazobeba mizigo mizito. Ndani ya injini mambo ni mengine: kuna moto, kuna unyevunyevu unaotokana na kuungua kwa petroli, na klorini ile ile ikichanganyika na hivyo inaweza kutoa asidi inayokula chuma. Kimtambo cha dakika mbili mezani hakiwezi kukuonyesha hilo.

Halafu hawasemi kwamba kazi ya kupunguza msuguano tayari ipo kwenye oili unayonunua dukani. Oili nzuri ya injini hutiwa viongezeo kiwandani. Kuna ZDDP, yenye zinki na fosforasi, inayotumika tangu miaka ya 1940. Hii hujenga utando mgumu pale vyuma vinaposagana, na utando huo ndio unaolika badala ya chuma. Kuna viongezeo vingine ambavyo molekuli zake zina kichwa na mkia. Kichwa kinang'ang'ania chuma, mkia unaelekea kwenye oili, na zikijipanga pamoja zinafanya tabaka la nanomita 2 hivi, jembamba kuliko unywele kwa maelfu ya mara, lakini linatosha kupunguza mkwaruzo. Kuna pia sabuni za kusafisha masizi, nazo hupenda kukaa juu ya chuma.

Wote hao wanagombea nafasi zile zile, kama abiria wa daladala: viti vikijaa, anayepanda ama anabaki amesimama ama anamwinua aliyekaa. Ndiyo maana kiwandani wanapima uwiano. Ukimwaga kichupa kisichojulikana kina nini, unaweza kuing'oa ZDDP uliyoilipia.

Kwa wenye pikipiki balaa kubwa ni klachi. Boxer, TVS na nyingi za barabarani kwetu, sahani za klachi zinaogelea kwenye oili hiyo hiyo ya injini. Klachi inafanya kazi kwa msuguano! Ukiuondoa, sahani zinateleza. Hapa gereji zimeshaletwa pikipiki zenye ugonjwa mmoja: injini inavuma, mwendo hauongezeki, kwenye mlima ndiyo hoi kabisa (na ukipiga mishikaki, sahau). Wenyewe wanadhani gia zimekufa. Tukifungua tunakuta sahani zimeungua, na mwenye pikipiki anakumbuka kichupa. Ndiyo sababu oili za pikipiki huandikwa JASO MA au MA2 (JASO ni viwango vya Japani), maana yake zimepimwa zisitelezeshe klachi. JASO MB zinateleza zaidi, ni za skuta ambazo klachi yake haikai kwenye oili. Kichupa cha hawa jamaa hakina JASO yoyote, kina picha ya gari la mashindano.

Ujanja wenyewe ni wa zamani. Marekani, FTC, tume yao ya biashara inayolinda wateja, iliwafungulia mashitaka wenye dawa ya injini iitwayo Slick 50 mwaka 1996, na wenye nyingine iitwayo Dura Lube mwaka 1999, kwa madai ya matangazo wasiyoweza kuyathibitisha. Dura Lube walidaiwa hata kusema bidhaa yao haina klorini wakati inayo. Mwaka 2000 wakakubali kutoa dola milioni 2 za fidia kwa wateja.

Ukikutana nao, waombe jina la mtengenezaji, alama ya TBS (Shirika la Viwango) na risiti. Wakianza kukuelekeza kwenye kimtambo tena, ondoka. Na anayekuuzia pikipiki iliyotumika akikwambia "nimeiwekea dawa, sikia ilivyo kimya", ujue kuna dawa nzito za kuficha mlio wa injini iliyochoka.

Kama umeshaimwaga ndani, usisubiri oili ifikishe kilomita zake. Ipashe injini moto, mwaga oili yote, badili na chujio kama ipo, weka JASO MA ya uzito uliotajwa kwenye kitabu cha pikipiki. Tembea siku chache kisha mwaga tena. Klachi ikiendelea kuteleza baada ya hapo, sahani ni za kubadilisha. Kichupa usikitupe, kipeleke TBS au Tume ya Ushindani pamoja na risiti, kama walikupa.