Bao jipya, macho ya zamani

Nimelinunua kwa fundi mmoja huku kwetu Tanga, shilingi 45,000: mvule mtupu, mashimo 32, kete 64 za komwe. Kazi safi, ila kalipaka rangi nyeusi mno. Zamani nisingejali. Sasa nina miaka 61, na komwe za kijivu ndani ya shimo jeusi, magharibi ikikaribia, sijui kama ni tatu au nne. Nazipapasa kwa kidole, mjukuu ananicheka: "Babu, unacheza au unachagua maharage?"

Mashimo, lakini, yamechimbwa na mtu anayejua bao. Vidole vyangu vya baridi yabisi vinachota kete zote bila kuacha hata moja. Hilo peke yake limenirudishia pesa yangu. Kwenye kunamua, hatua ya kwanza ya kuingiza kete moja moja, bado simwachii mtu. Shida ni mtaji, hatua ya pili, kete zote zikiwa ubaoni: ujanani nilifuata kete kichwani mizunguko mitano, siku hizi wa pili tu nimeshapotea. Basi nimekuwa mvumilivu, nyumba, lile shimo kuu la kete nyingi, naitunza mpaka vijana wanakereka.

Halina miguu, nimeliweka juu ya stuli. Nikikaa mkekani, kuinuka ni kazi. Ukienda kununua, mwambie asilipake rangi.