Vikao vinne kwa sista mstaafu, Malindi: nililipa 5,000 na ningelipa tena

Chumba chenyewe kiko ghorofani, juu ya duka la fotokopi, si mbali na soko la zamani. Bango hakuna. Unapanda ngazi za saruji, unapiga hodi, na anayekuitikia "karibu mwanangu" ndiye uliyemfuata: sista, yaani muuguzi, aliyestaafu baada ya miaka zaidi ya 30 wodini, thieta na ofisini. Siku hizi anawaandaa wauguzi wanaotaka kupanda cheo. Mimi nimemaliza vikao vyangu vinne, na wenzangu watatu kazini wameniomba niwaandikie jinsi nilivyoona. Nawaandikia wao, na yeyote mwingine anayefikiria kwenda.

Mimi ni muuguzi wa figo. Baada ya diploma ya kwanza nilikaa wodi ya wanaume miaka minne, kisha nikaenda KMTC, chuo cha mafunzo ya tiba, Nairobi, kuchukua diploma ya juu ya uuguzi wa figo, mke wangu akabaki Muyeye na mtoto wa miezi saba. Tangu nirudi niko kitengo cha kusafisha damu, na huu ni mwaka wangu wa nane. Nafasi ya inchaji, yaani msimamizi wa kitengo, ilipotangazwa mara ya kwanza niliomba, nikaitwa, nikaanguka. Swali lililoniangusha nalikumbuka neno kwa neno: kitengo kikikosa dayalaiza wiki nzima, utafanyaje? Dayalaiza ni lile chujio linalosafisha damu. Nikatumia dakika tano kuwaeleza jinsi chujio linavyofanya kazi. Nililijibu vizuri sana swali ambalo hawakuniuliza.

Kabla ya kumjua sista nilikuwa nimelipa ofisi moja ya mtandaoni shilingi 3,500 wanitengenezee wasifu. Ukarudi na kurasa mbili za maneno mazito, ungeweza kubadilisha jina ukawa wa karani wa benki. Yeye anatoza 1,500 kwa kikao cha saa mbili, au 5,000 kwa vinne ukilipa pamoja. Hupokea Jumamosi asubuhi na Jumatano baada ya alasiri. Binti yake ndiye anayechapa.

Kikao cha kwanza wasifu wangu hakuugusa. Aliunyoosha mkono wake juu ya meza akasema, "Nioneshe unavyoshika fistula." Fistula kwetu ni mshipa wa mkononi uliounganishwa na ateri ili damu ipelekwe mashineni. Nikaweka vidole viwili juu ya kifundo chake, nikamweleza: kwa mgonjwa mwenye fistula nzima utasikia mtetemo chini ya ngozi, kama paka aliyelala anayekoroma. Ukishika pakawa kimya, mshipa umeganda, na hapo ni mbio.

"Na wagonjwa wamefunzwa kujishika wenyewe kila asubuhi?"

"Wangu wote wamefunzwa, sista."

"Wako, au wa kitengo?"

Sikumwelewa siku hiyo. Akaendelea na habari za Patricia Benner, muuguzi wa Marekani ambaye mwaka 1984 alieleza ngazi tano anazopanda muuguzi, kuanzia mwanagenzi asiyeweza kupiga hatua bila kanuni hadi bingwa anayehisi jambo limeharibika kabla mashine haijalia. Akaniambia kwa kitanda cha mgonjwa hana shaka nami, niko juu. "Lakini ngazi ya kitandani na ngazi ya ofisini ni mbili tofauti, mwanangu. Ukihamia ile ya pili unaanzia chini. Ndiyo maana watu hodari wanaanguka kwenye mahojiano, wanasimulia ngazi ambayo hakuna aliyewauliza." Kwa maneno hayo peke yake ningelipa ile 1,500.

Kikao cha pili ndicho kilichonigeuza, kwa hivyo nitakieleza kwa kirefu.

Alitaka kisa kimoja cha kweli kinachoonesha kwamba naweza kubeba kitengo. Nikampa kisa cha maji. Kwa asiyejua kazi yetu: mgonjwa mmoja akilala mashineni kwa muda wa saa nne, hupita takriban lita 120 za maji, na kati ya maji hayo na damu yake pana utando mwembamba tu. Maji ya bomba hapa kwetu yanatoka Baricho, kwenye visima vya kando ya Mto Sabaki, na yanatiwa klorini. Kwa anayekunywa hilo ni jambo jema. Lakini klorini ikivuka ule utando hupasua chembe nyekundu za damu. Ndiyo sababu tuna matangi ya kaboni ya kuinyonya, na ndiyo sababu maji hupimwa kila siku kabla ya mgonjwa wa kwanza kuunganishwa. Kikomo ni miligramu 0.1 kwa lita. Unachota maji kwenye kichupa, unatia dawa, unasubiri. Yakibaki maangavu, anza kazi. Yakigeuka waridi, simama.

Siku hiyo yaligeuka waridi. Waridi hafifu, kama ndani ya kombe la pwani. Nikasuuza kichupa, nikachota tena, nikatia tena. Waridi. Ilikuwa saa kumi na mbili na dakika kumi, na nje kulikuwa na wagonjwa sita. Mzee mmoja alikuwa ametoka Marafa saa tisa usiku. Mama mmoja wa Mambrui uso ulikuwa umevimba hadi macho yamefumba. Nikafunga mashine zote. Nikampigia fundi, nikamwita daktari wa zamu, nikapima nani anaweza kusubiri na nani hawezi, nikapeleka damu ya wawili maabara waangaliwe potasiamu. Kijana wa yule mama alinifokea mbele ya watu, nikamchukua pembeni nikamwonesha kile kichupa, akakitazama, akakaa chini. Tulianza saa nne na nusu, maji yakiwa maangavu. Hakuna aliyedhurika. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu miguuni, na kisa hicho sikukiandika popote.

Sista alinifanya nikisimulie mara tatu. Mara ya kwanza ovyo, kama nilivyokiandika hapa. Mara ya pili kwa mafungu manne: hali ilikuwaje, jukumu langu lilikuwa lipi, nilifanya nini hasa, matokeo yakawa nini. Mara ya tatu kwa Kiingereza, kwa sababu jopo linahoji kwa Kiingereza. Anasema kisa kikishakaa sawa kwa Kiswahili, Kiingereza hakikusumbui, na kwangu ilikuwa kweli. Nikahisi nimepata silaha.

Ndipo akauliza, "Ungekuwa likizo siku ile, nani angepima?"

Nikajibu haraka, na nikajibu kwa fahari. "Hakuna, sista. Maji ni mimi."

Akaweka kalamu chini. Kwa muda tulikuwa tunasikia tu mashine ya fotokopi kutoka dukani.

"Basi umenieleza mambo mawili," akasema. "Kwamba wewe ni hodari, na kwamba wagonjwa wako wamo hatarini kila ukiumwa kichwa."

Nilitoka pale nimeumia. Nilitembea hadi ufukweni, nikakaa kando ya mashua nikimjibu moyoni. Kesho yake, zamu ilipotulia, nilifungua daftari la maji nikatafuta wiki zangu mbili za likizo ya Desemba. Safu ya klorini ilikuwa tupu siku 11. Wenzangu si wazembe. Ni mimi niliyekuwa nikifika wa kwanza, nikishika kichupa mwenyewe, nikimaliza kabla hawajavaa magauni, mwaka baada ya mwaka. Niliwafundisha kwamba kazi ile ina mwenyewe.

Kikao cha tatu kilikuwa cha makaratasi na sitakirefusha. Afya iko chini ya kaunti tangu 2013, kwa hivyo anayepandisha cheo ni bodi ya utumishi ya kaunti, na tangazo lake lazima lisomwe mstari kwa mstari. Alikagua leseni yangu ya Baraza la Wauguzi, tathmini zangu za kila mwaka (mbili hazikuwa na sahihi, nikazifuatilia), na vyeti vya semina. Alinieleza pia kwamba kwa vyeo vya juu zaidi nitahitaji ile kozi ya usimamizi ya wiki nne ya KSG, chuo cha serikali cha watumishi wa umma, ambayo hata Mombasa inafundishwa. Sijaifanya. Hakunificha kwamba mwenye nayo atanitangulia. Nashukuru aliniambia, kuna wengine wangechukua pesa yangu na kunipa matumaini.

Cha nne ni mahojiano ya kujaribia. Viti vitatu: yeye, binti yake, na mhasibu mstaafu anayeishi mtaa wa pili. Yule mhasibu aliniuliza lile lile swali la dayalaiza. Safari hii nilikuwa na hesabu: tuseme wagonjwa 24, kila mmoja mara mbili kwa wiki, ni vikao 48, stoo ikiwa na dayalaiza 60 nina wiki moja na robo, basi agizo lazima liwe limetoka kwa maandishi kabla sanduku halijafika nusu, na barua ya kuazima kwa kitengo jirani niwe nayo tayari. Na kama imefika hapo pa kukosa kabisa, orodha ya nani anatangulia nimekaa na daktari tukaiandika mapema, si mlangoni wagonjwa wakinitazama. Mhasibu aliandika kitu, akaguna, akaenda swali lingine. Nilijua nimevuka.

Sasa upungufu, maana upo.

Mambo ya SHA, bima ya afya ya serikali, hayajui vizuri. NHIF, bima ya zamani, ilipoiachia SHA tarehe 1 Oktoba 2024 yeye alikuwa ameshastaafu, na inchaji wa leo siku yake inaliwa na vibali na madai ya malipo. Alikiri mwenyewe akaniambia nikakae na karani wetu asubuhi moja, nikafanya hivyo, lakini kwa 5,000 ningependa somo hilo liwe ndani. Binti yake ni mwepesi wa kuchapa na si mwangalifu: jina la taaluma yangu lilikosewa mara mbili kwenye ukurasa wa kwanza. Soma kila neno kabla hujashuka kwenda kutoa nakala. Chumba kina joto, feni ni moja, umeme ukikatika mnafungua madirisha na kelele za tuktuk zinaingia. Ngazi ni kali, mwenzangu mwenye mimba ya miezi minane alipanda kwa shida. Na kuna Jumamosi moja aliahirisha asubuhi yenyewe kwa sababu ya harusi ya jamaa, nami nilikuwa nimeshabadilishana zamu na mtu. Aliomba radhi, kikao kilichofuata akaniongezea saa nzima.

Usiende kwake ukitafuta mtu wa kukupigia simu kwa wakubwa ili upewe cheo. Nilimshuhudia akimrudishia kijana mmoja pesa zake zote kwa kuomba hilo. Wala usiende ukitaka wasifu tu, utachoka na maswali. Nenda ukiwa na miaka yako kazini na daftari zako, ukae tayari kuulizwa.

Mahojiano yangu yalikuwa wiki mbili zilizopita. Barua bado. Niliulizwa kisa, nikatoa cha maji, na safari hii nikakimalizia na zile siku 11 na nilichokifanya baadaye: wauguzi wawili wadogo, nimekaa nao kila alfajiri kwa mwezi mzima, kichupa mkononi mwao, mimi mikono nyuma. Mmoja wa jopo aliniuliza kwa nini naanika udhaifu wangu mbele yao. Nikamwambia kwa sababu ndiyo sehemu inayohusu kazi ninayoiomba.

Jumatatu iliyopita nilichelewa kwa makusudi. Nilifika saa moja kasoro, wagonjwa wa kwanza wameshaunganishwa, yule mzee wa Marafa amesinzia. Nikaenda moja kwa moja kwenye chumba cha maji. Kichupa kilikuwa kimesuuzwa, kimepinduliwa juu ya kitambaa kikauke. Safu ya klorini ilikuwa imejazwa, saa imeandikwa, sahihi imewekwa. Mwandiko haukuwa wangu.