Peugeot 504 ya Baba na Sienta Yangu Kwenye Mlima wa Wundanyi

Kwetu ni juu ya Wundanyi, kwenye milima ya Taita, na familia yetu gari hulipima kwa safari hiyo: watu saba, magunia, kuku, na kile kipande cha mwisho kisicho na lami. Baba bado ana Peugeot 504 steshenwagoni, ile ndefu ya safu tatu za viti iliyokuwa ikibeba abiria wa masafa marefu enzi hizo. Mimi nina Toyota Sienta ya toleo la pili, lililotoka mwaka 2015. Zote nimeziendesha njia hiyo zikiwa zimejaa.

Kwenye njia mbovu 504 haina mpinzani. Nyuma ina springi nne, mbili kila upande. Ukiipakia viazi na watu inashuka kidogo tu, halafu inatulia, na mashimo unayasikia kwa mbali. Dada yake, ile 504 fupi ya saluni yenye buti, ndiyo iliyompa dereva Msweden Ove Andersson ushindi wa Safari Rally mwaka 1975, na ukiipitisha 504 kwenye mitaro iliyochimbwa na mvua pale kwetu unaelewa kwa nini. Sienta ikijaa hukaa chini mno. Tumbo linagusa mawe, inabidi wawili washuke watembee. Kwenye gari la baba sijaona mtu akishushwa.

Kutoka Mwatate kupanda, Sienta yenye injini ya cc 1500 hupiga kelele nyingi kuliko mwendo, kwa sababu ya ile gia ya CVT, otomatiki isiyo na hatua. 504, yenye injini ya cc 1971, unaitia gia ya pili kwa mkono ulio kando ya usukani na inapanda bila haraka. Ila asubuhi ya baridi uvute choki kwanza, usubiri. Na vijana wengi wa gereji siku hizi hawataki kugusa kabureta. Fundi wa baba pale Voi ni mzee. Spea za Toyota, kwa upande mwingine, hazinisumbui kuzipata.

Nyanya anaipenda Sienta kwa milango yake ya kuteleza. Anaingia bila kuinama, goti halimuumi.

Lakini kilichonifanya niamue ni mikanda. Gari la baba halina mfuko wa hewa hata mmoja, na watoto wakikaa safu ya nyuma hawana cha kujifunga. Baba husema sisi tulikulia humo na hatukuumia. Ni kweli, baba, ila barabara ya Mombasa sasa imejaa malori usiku na mchana. Sienta ina mkanda kamili kwa kila kiti, hadi cha mwisho, na breki za ABS, zisizoacha magurudumu yajifunge.

Mwenye watoto anunue Sienta, ahakikishe mafuta ya CVT yamebadilishwa, na asiijaze kupita kiasi. Mwenye shamba akipata 504 isiyoliwa na kutu chini ya milango, asiiache. Desemba hii watoto watapanda na mimi. Magunia na kuku watashuka na baba.