Uzoefu wangu: uzamili wa isimu matumizi kwa masafa, nikiwa Lubumbashi

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza katika shule moja ya sekondari huko Katuba, sehemu ya jiji la Lubumbashi nchini Kongo (DRC), na kwa miaka mitatu nilisoma uzamili wa isimu matumizi (isimu inayotumika kutatua mambo halisi kama kufundisha lugha) na ufundishaji wa lugha katika chuo kikuu kimoja cha Uingereza bila kuondoka mjini kwetu. Jina la chuo nalihifadhi, kwa kuwa si yote nitakayoyasema ni ya kukisifu. Vyuo vingi vya huko vinatoa programu ya namna hii kwa mpangilio unaofanana: krediti 180, na 60 kati ya hizo ni za tasnifu.

Faida kubwa niliipata katika somo la makosa ya wanafunzi. Nilikuwa nimezoea kuyazungushia wino mwekundu na kuyahesabu, kumbe tangu mwaka 1967 mwanaisimu Pit Corder alikwisha kueleza kwamba kosa linalojirudia ni ushahidi wa kanuni aliyojitungia mwanafunzi, na mwaka 1972 mwenzake Larry Selinker akaonyesha kuwa kanuni hizo kwa pamoja ni lugha kamili, inayosimama katikati ya ile anayoijua mtu na ile anayojifunza. Nikarudi kwenye madaftari. Karibu darasa zima lilikuwa limeandika "I have fifteen years", nami siku zote nilikilaumu Kifaransa, kwa sababu ndivyo kinavyosema. Lakini Kiswahili nacho husema "nina miaka 15", kwa hiyo lugha mbili zinamsukuma mtoto upande mmoja. Kosa la kumwita mama "he" lilinifundisha zaidi. Mtoto huyo huyo hakosei "il" na "elle" anapoandika Kifaransa. Hapo wa kushukiwa ni "yeye" wa Kiswahili, asiyebagua mume na mke. Makosa hayo mawili siku hizi ninayafundisha kwa njia mbili tofauti, na somo hilo peke yake lilinilipa ada ya mwaka wa kwanza.

Programu ilikwama pale ilipokutana na watoto wetu wenyewe. Hojaji tuliyopewa ya kuwauliza wanafunzi ilikuwa na nafasi moja tu ya "lugha ya kwanza", na msimamizi wangu alinirudishia kazi mara mbili akinitaka nichague. Nichague ipi kwa mtoto anayezungumza Kibemba na bibi yake, Kiswahili cha hapa Lubumbashi na wenzake barabarani, na anayefundishwa hesabu kwa Kifaransa? Mifano karibu yote ya masomo ilimchukulia mwanafunzi kuwa mtu wa lugha moja anayeiongeza ya pili. Mwishoni nilichora jedwali linaloonyesha kila mtoto anazungumza na nani kwa lugha ipi, na msimamizi akalikubali. Ila muhula mzima ulikuwa umekwisha katika mabishano ambayo mhadhara mmoja kuhusu miji ya Afrika ungeyaondoa.

Jambo jingine la aina hiyo lilihusu fomu za ridhaa, ambazo kamati ya maadili ya utafiti ya chuo ilitaka zisainiwe na wazazi. Nilizitafsiri kwa Kiswahili sanifu, nikajiona nimefanya kazi safi. Mama mmoja akaisoma hadi mwisho, akaniambia, "Mwalimu, hiki ni Kiswahili cha Biblia." Neno "ridhaa" halikumfikia. Niliiandika upya, "Naitika mutoto wangu ajibu maulizo ya mwalimu", nayo ikasainiwa siku hiyo hiyo. Kamati, na kwa hilo naisifu, haikupinga. Ilitaka tu tafsiri ya Kiingereza ya matini yote mawili na maelezo ya kwa nini yanatofautiana, na maelezo hayo yakawa sura bora ya tasnifu yangu.

Kuhusu mambo ya kila siku nitasema kwa ufupi. Vipindi vya moja kwa moja vilianza saa kumi na moja jioni kwao, yaani saa moja usiku kwetu kuanzia mwisho wa Oktoba mpaka mwisho wa Machi, halafu saa kumi na mbili, kwa sababu wao husogeza saa na sisi hatusogezi. Mwaka wa kwanza nilikosa kipindi kizima kwa kutojua hilo. Umeme ukikatika nilitegemea rekodi, na rekodi zilipatikana kesho yake bila kukosa. Katika malipo, benki ya katikati ilikata gharama zake bila kuniarifu, chuo kikanidai paundi chache zilizopungua na kunifungia maktaba kwa wiki moja, katikati ya kuandika. Mtu alipe akiongeza kidogo juu.

Ningeipendekeza kwa mwalimu aliye na darasa lake tayari. Asiyefundisha atamaliza na istilahi nyingi bila mtoto wa kuzijaribia.

Kabla ya kujisajili, afikirie pia suala la ulinganifu wa shahada. Krediti mbili za Uingereza huhesabiwa kuwa moja ya Ulaya, kwa hiyo zile 180 zinakuwa 90, ilhali masta katika mfumo wetu wa LMD (licence, masta, doktora) ni krediti 120. Ofisi niliyopeleka faili ilinirudishia ikiuliza 30 nyingine ziko wapi. Barua ya chuo inayoeleza kwamba shahada hiyo ni ya ngazi ileile niliisubiri miezi minne. Anayeanza leo aiombe kabla ya kuhitimu, wakati bado ana msimamizi wa kumjibu.