Rangi ya gari ikitoa malengelenge: ununue nini kwanza hapa Goma

Mwenye gari akiona lengelenge la kwanza juu ya tao la gurudumu, hukimbilia rangi. Anakwenda kwenye maduka ya Birere na kifuniko cha tangi la mafuta mkononi ili muuzaji alinganishe, anarudi na robo lita ndani ya chupa ya maji, fundi anakwaruza kidogo na kupaka. Mvua za Septemba zikianza, lengelenge linarudi pale pale, na safari hii limeleta wenzake.

Rangi ya juu ni pambo na kinga ya jua. Unyevu hupenya humo polepole. Kinachoizuia kutu ni tabaka linaloshika chuma chenyewe, na huko ndiko pesa inapotakiwa kwenda. Orodha hii nimeipanga kwa kipimo hicho: kwa kila dola unayotoa, ni kitu gani kinachoichelewesha kutu zaidi.

Kabla ya kwenda dukani, toboa lengelenge moja kwa sindano. Likitoa maji na chini yake chuma ni safi, kosa ni la upakaji: unyevu, jasho la mkono au chumvi ilifungiwa chini ya rangi. Likitoa unga wa kahawia, ni kutu, na sehemu iliyoliwa ni kubwa kuliko unayoiona. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma ilichokula, ndiyo maana inainua rangi. Ukiona unga mweupe, huenda umekutana na aluminiamu, kama kwenye bodi za Land Rover za zamani. Hapo usitumie dawa yoyote ya kutu ya chuma. Pia chunguza sehemu bolti ya chuma inapogusa bati la aluminiamu, kwa sababu metali hizo mbili zikilowa pamoja, aluminiamu ndiyo inayoliwa.

Kisha pitisha sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa. Ikikataa kushika kwenye bati la chuma, kuna masitiki (lipu ya kujazia mashimo ya bodi) nene pale, na mtu alishaficha kitu kabla yako. Sukuma na bisibisi pia. Ikizama, hakuna kopo litakalokusaidia: bati linakatwa na kuchomelewa jipya, na orodha hii inaanzia baada ya hapo.

Watu wengi hapa hulaumu Nyiragongo kwa kila doa. Ni kweli kwamba mlima unatoa gesi za salfa na floridi, na mvua inayozipitia huwa na asidi inayofifisha vanishi na kula chuma kilicho wazi. Lakini mlango unaooza kuanzia chini hauozi kwa sababu ya volkano. Unaoza kwa sababu maji yameingia ndani yakakosa pa kutokea. Gari nyingi pia zinafika kutoka Mombasa au Dar es Salaam zikiwa zimeshatembea miaka kwenye nchi za theluji, Ubelgiji au kaskazini mwa Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi majira ya baridi. Goma inamalizia kazi: kokoto za lava zinabandua rangi kwenye matao na vizingiti vya chini ya milango, na mchanga mweusi unaziba matundu ya maji.

Ya kwanza: apre ya epoksi ya makopo mawili

Apre ni rangi ya chini, inayotangulia rangi ya juu. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua hii. Epoksi inashika chuma kitupu vizuri na haipitishi maji kirahisi kama apre za kawaida za kujazia, ambazo hunyonya unyevu ukiziacha wazi. Masitiki ikihitajika, inakaa juu ya epoksi. Hivyo hata ikinyonya maji, na masitiki hunyonya, maji hayafiki kwenye chuma.

Madukani watakushawishi uchukue ya kopo moja. "Papa, hii haina haja ya dirisiseri, unapaka tu inakauka." Inakauka, ndiyo, lakini hiyo ni rangi nyingine kabisa. Epoksi ya kweli inauzwa na kopo lake la kugandisha, yaani dirisiseri, na vyote viwili vitoke kampuni moja, vikiwa na vifuniko ambavyo havijaguswa. Usikubali dirisiseri iliyomiminwa kwenye chupa ya soda. Hujui ni ya nini, na dirisiseri ya vanishi hasa huharibika ikivuta unyevu wa hewa. Soma kipimo kwenye kopo lenyewe, maana kuna epoksi za moja kwa moja na kuna za nne kwa moja, na anayekadiria kwa jicho anapata rangi isiyokauka milele. Lita moja iliyochanganywa inatosha matao manne na vizingiti vya Hiace, mipako miwili.

Haipendi mambo mawili. Jua huifanya itoe unga, kwa hiyo lazima ifunikwe na rangi ya juu. Baridi nayo huisimamisha: chini ya nyuzi 10 nyingi hazigandi, na sisi tuko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Paka saa nne asubuhi bati likiwa limepata joto, si jioni linapoanza kutoa jasho. Juni hadi Agosti ndio wakati mzuri, ila mwaga maji chini kwanza vumbi litulie.

Ya pili: nta ya kupuliza ndani ya bodi

Wachache wanaiomba, na maduka mengi hayaiweki mbele. Ni kopo la kupuliza lenye mrija mrefu, ambalo nta yake inatambaa kwenye mikunjo ya bati. Malengelenge ya ukingo wa chini wa mlango karibu kila mara yanatoka ndani kuja nje. Upake nje epoksi bora duniani, ndani kutu inaendelea kula.

Kabla ya kupuliza, chukua waya wa umeme mgumu, uingize kwenye matundu yaliyo chini ya mlango. Kwanza unatoka mchanga mweusi mkavu, halafu matope, halafu maji ambayo hukujua yamo. Acha mlango ukauke siku mbili tatu juani, ndipo unapuliza, na uhakikishe matundu yamebaki wazi. Nta hii inakuja baada ya rangi, kamwe si kabla, kwa sababu tone moja likigusa bati linalosubiri kupakwa, rangi inakimbia na kuacha vijishimo vya mviringo.

Wako wanaomwaga oili chafu ya injini badala yake. Inapunguza kutu kidogo, sikatai, lakini inalainisha mipira ya milango, inanuka, inadondoka kwenye udongo, na siku ukitaka kupaka rangi fundi atakukimbia.

Ya tatu: dawa ya kugeuza kutu

Ina asidi ya fosforasi au tanini, na inaifanya kutu nyembamba iwe tabaka jeusi lililotulia. Inafaa pale tu diski ya msasa haifiki: kona, mikunjo, vishimo vidogo. Kutu inayobanduka kwa magamba haigeuki; inageuka ngozi ya juu tu, chini inabaki hai. Tena baadhi ya epoksi hazipatani na mabaki ya asidi, kwa hiyo fuata maelezo ya kopo kuhusu kuosha na kukausha. Bei yake ni ndogo, na hiyo ndiyo inayowadanganya watu kuipaka gari zima.

Ya nne: apre ya zinki

Nzuri sana mahali palipochomelewa. Zinki inajitoa kuliwa badala ya chuma, ila lazima iguse chuma kitupu, na iwe nyingi, zaidi ya asilimia 80 ya uzito wa rangi ikishakauka. Kopo la kijivu lililoandikwa "zinki" bila kutaja kiasi ni rangi ya kijivu tu. Juu ya kutu au rangi ya zamani haina kazi.

Ya tano: antirui nyekundu ya kopo moja

Ni rangi ya kuzuia kutu ya milango ya chuma na mageti. Kwa lori la mchanga sawa. Kwa gari unalotaka kuliuza baadaye, hapana: diliya (kiyeyusha rangi) kali ya rangi ya juu inaweza kuikunjakunja.

Ya sita: lami nyeusi ya chini ya gari

Ninaiweka hapa chini kwa makusudi, ingawa ndiyo inayopendwa. Juu ya epoksi iliyokauka ni ngao nzuri dhidi ya kokoto. Juu ya kutu ni blanketi: inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa, hayatoki, na wewe huoni chochote mpaka kizingiti kinaanguka. Ukinunua gari lililopakwa lami mpya chini nzima, uliza kwa nini.

Ya mwisho: masitiki juu ya kutu na rangi ya kopo la kupuliza

Ni ya kuuzia gari, si ya kulitunza.

Kuna vitu vidogo vya kuongeza kwenye kikapu: diski za msasa namba 80, diliya safi ya kufutia, vitambaa visivyotoa nyuzi. Brosi ya waya peke yake haitoshi, inang'arisha kutu mpaka inafanana na chuma. Tazama ndani ya vishimo. Ukiona nukta nyeusi, bado. Mafundi wengi hufutia bati kwa petroli, nayo huacha mafuta mepesi. Na kama mtapuliza vanishi yenye dirisiseri, barakoa ya kitambaa haisaidii, mvuke wake unaweza kumwachia mtu pumu. Nunua ile yenye vichujio vya mvuke wa kemikali na vya chembe za rangi, tena mpulizie nje penye hewa.

Vifaa nunua mwenyewe, umpelekee fundi makopo yakiwa yamefungwa. Kisha mwambie akupigie simu bati likiwa tupu, kabla ya apre, uje ulione. Fundi mzuri hakasiriki kwa ombi hilo. Akikuambia hakuna haja, ataanza kesho alfajiri na jioni gari litakuwa tayari, chukua makopo yako uende garaji nyingine.